Albamu uliyoipenda zamani inapokuchosha leo: ni nani aliyebadilika?

Msomaji mmoja ameuliza: "Miaka 15 iliyopita niliandika orodha ya albamu zangu kumi bora za roki ya indie, yaani ya bendi za lebo ndogo huru. Hivi karibuni nimezisikiliza zote upya. Nne zimenichosha kabla hazijafika nusu, mbili nimezipenda kuliko zamani, na *Spiderland* ya Slint, ambayo haikuwemo kwenye orodha kwa sababu nakumbuka niliiona takataka, sasa siiachi. Je, zamani sikuwa na masikio, au sasa nafuata mkumbo wa wanaoisifu? Na nipangeje orodha mpya ambayo sitaionea aibu baadaye?"

Ndugu msomaji, tuanze na kumbukumbu yako, maana katika kesi hii ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote. Mtu akiulizwa alikuwa na maoni gani zamani, hafungui kabati akatoa maoni yale kama yalivyowekwa. Anaanza na anachokifikiri leo, kisha anarudi nyuma akikirekebisha kulingana na anavyoamini watu hubadilika. Mwanasaikolojia Michael Ross aliliandika jambo hili mwaka 1989. Anayeamini ladha yake haijatikisika atajikumbuka akipenda kilekile anachokipenda leo, na anayeamini amekomaa atajikumbuka akiwa mbumbumbu kuliko alivyokuwa kweli. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba *Spiderland* hukuiona takataka. Huenda uliisikiliza mara moja na nusu, ukaona si mbaya wala si nzuri, ukaendelea na mambo yako. Hadithi ya "niliichukia, sasa naiabudu" ni tamu kusimulia, na utamu huo pekee unatosha kuitilia shaka.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kutafuta ushahidi wa maandishi: ile orodha yenyewe, ujumbe uliomtumia rafiki, maoni uliyoyaacha mahali, hesabu za Last.fm, tovuti inayohesabu nyimbo unazozicheza, kama uliwahi kuitumia. Hesabu hizo zisome kwa uangalifu. Albamu iliyochezwa mara mia huenda ilikuwa ndiyo ya kusomea au ya kulalia, na iliyochezwa mara sita huenda ndiyo iliyokutikisa. Angalia pia kama ulichoandika ni nafasi au ni alama, kwa kuwa nafasi hudanganya. Albamu ya tatu kwa mtu aliyewahi kusikia albamu 60 si sawa na ya tatu kwa aliyesikia 900. Ikishuka hadi ya arobaini bila wewe kuipenda hata chembe pungufu, hakuna maoni yaliyobadilika hapo. Kilichoongezeka ni washindani. Wengi wanaojilaumu kwa "kuzisaliti" albamu zao za zamani wameingia kwenye mtego huu wa hesabu tu.

Sasa tuseme ushahidi upo na badiliko ni la kweli. Mambo manne yanaweza kuwa yamebadilika: idadi ya mara ulizosikiliza, rekodi yenyewe, maisha yaliyoshikamana nayo, na watu wanaoizungumzia. Kila moja lina dalili zake, na kwa uzoefu wa fani hii, kosa la kawaida ni kulipa jina la "kukomaa kwa ladha" jambo ambalo ni mojawapo ya haya manne.

Kurudia

Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu mara kwa mara, hata bila kukielewa, kunatosha kukufanya ukipende zaidi. Baadaye, miaka ya 1970, mwenzake wa fani Daniel Berlyne alieleza upande wa pili: mapenzi hupanda kadiri unavyozoea, yanafika kileleni, kisha yanashuka. Kilele kiko wapi, inategemea ugumu wa kitu chenyewe. Wimbo ambao kibwagizo chake unakishika mara ya kwanza hufika kileleni upesi na kushuka upesi. Wimbo usioshikika upesi huchelewa kupanda, na huchelewa kushuka.

*Spiderland* ni mfano wa vitabuni. Vijana wanne wa Louisville, Kentucky, waliirekodi kwa siku nne mwezi Agosti 1990. Ikatolewa na lebo ya Touch and Go mwaka 1991, bendi ikiwa imeshavunjika. Ina nyimbo sita tu. Sauti ya Brian McMahan kwa sehemu kubwa haiimbi, inasimulia kwa chini, na imezamishwa nyuma ya magitaa. Anayeisikiliza mara ya kwanza kwa sauti ndogo, mahali penye kelele, hasikii simulizi. Anasikia magitaa mawili yakidonoa kwa muda mrefu, kisha kishindo kinachomfanya akimbilie kupunguza sauti. Akishapunguza, kipande cha kimya kinachofuata kimepotea tena. Wimbo wa mwisho, "Good Morning, Captain", unapita dakika saba, na nguvu yake yote imewekwa mwishoni, pale mnong'ono unapogeuka ukelele. Ukiukatisha dakika ya tano, hukuusikia kabisa. Kwa hiyo jibu la sehemu hii ya swali lako ni la kiufundi kuliko la kiroho: albamu hii inahitaji sauti iliyopandishwa tangu mwanzo, mahali patulivu, na mara tatu au nne kabla ya kuitolea hukumu. Inaelekea zamani hukuipa hivyo.

*Loveless* ya My Bloody Valentine, ya mwaka huohuo 1991, hukaa kwenye kundi hilo kwa sababu tofauti. Mpiga gitaa wao Kevin Shields alikuwa akipiga nyuzi huku mkono umeshika ule mtaimbo wa gitaa unaolegeza na kukaza nyuzi, hivyo kila fungu la noti zinazopigwa pamoja linayumba kidogo juu na chini ya mahali pake. Sauti za waimbaji zimewekwa sawasawa na magitaa, hazikupewa nafasi ya mbele. Sikio linalotafuta mwimbaji wa kuongoza linakosa pa kushika. Ukishaacha kumtafuta, unagundua kwamba melodia ziko nyingi na nyepesi mno, karibu za watoto.

Kuchoka nako si kuchukia, na hapa ndipo albamu zako nne zinahitaji kusikilizwa kesi yao upya. Dalili za kuchoka ni hizi: unajua kinachokuja sekunde kumi kabla hakijaja, unaruka wimbo kabla ya kibwagizo na si baada yake, na wimbo uleule ukikukuta kwa ghafla mahali pengine, tuseme umepigwa dukani au kwenye filamu, unakufurahisha. Dawa ni mapumziko ya miezi kadhaa. Anayechukia kweli hafurahii hata huko dukani.

Neno dogo la kando kuhusu urefu: nyimbo fupi hazichoshi haraka. *Bee Thousand* ya Guided by Voices (1994) ina nyimbo 20 ndani ya dakika 36 hivi, nyingine hazifiki hata dakika moja. Unamaliza albamu ukiwa bado na njaa ya vipande vyake, na njaa hiyo ndiyo inayoilinda.

Rekodi yenyewe

Watu husahau kwamba albamu wanayoisikiliza leo inaweza isiwe ile waliyoinunua. Mfano mkubwa ni *Tim* ya The Replacements. Ilitoka 1985 ikiwa na miksi (uwiano wa sauti za vyombo na waimbaji) nyembamba yenye mwangwi mwingi, ngoma zikisikika kama zimefungiwa chumba cha pili, na kwa karibu miaka arobaini mashabiki walisema nyimbo ni kubwa ila sauti imewaangusha. Mwaka 2023 ikatolewa miksi mpya ya Ed Stasium kutoka kanda zilezile. Ngoma na besi zikasogea mbele, na wengi wakaipandisha albamu ghafla. Hao masikio yao hayakukomaa usiku mmoja. Walipewa kitu kingine.

*Loveless* ilitolewa upya 2012 kwa CD mbili, moja ya masta (nakala ya mwisho ambayo diski hutengenezwa kwayo) ya dijitali ya awali na nyingine kutoka kanda za analogi, halafu ikabainika kwamba lebo za diski hizo zilikuwa zimebadilishana. Waliokuwa wakibishana ipi ina joto zaidi walikuwa wakiisifia diski waliyodhani ni nyingine. Sijui jaribio bora kuliko hilo la kuonyesha jinsi jina la kwenye diski linavyotia chumvi masikioni.

Kuna mitego midogo zaidi ya kila siku:

Sauti kubwa huonekana bora, hata tofauti ikiwa desibeli moja au mbili ambazo mtu hazitambui kama ukubwa. Matoleo mengi yaliyofanyiwa masta upya yamepandishwa sauti, kwa hiyo ukilinganisha la zamani na jipya bila kusawazisha, jipya limeshinda kabla ya noti ya kwanza. Chukua programu ya simu ya kupima desibeli, iweke palepale unapokaa, pima wastani wa sekunde 30 za kipande kilekile katika matoleo yote mawili, kisha sogeza sauti hadi tofauti iwe chini ya desibeli moja. Usipime kwa kilele, pima kwa wastani, kwa sababu masta ya kisasa hukata vilele.

Sauti ndogo nayo inaonea albamu za besi. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio hupoteza besi kwanza sauti inaposhuka. *Turn on the Bright Lights* ya Interpol, ambayo gitaa la besi la Carlos Dengler ndilo linalobeba nyimbo nyingi, ikichezwa kwa sauti ya chinichini inabaki magitaa makavu na mwimbaji mwenye huzuni. Ukiihukumu hivyo unahukumu nusu yake.

Programu za muziki nazo zina mipangilio inayobadilisha albamu. Spotify, kwa mfano, husawazisha sauti: ukicheza albamu nzima inaisawazisha kama kitu kimoja, lakini ukichanganya nyimbo ovyo inasawazisha kila wimbo peke yake, na wimbo uliokusudiwa uwe wa chini unapandishwa hadi ulingane na wa kelele. Zima uchanganyaji. Zima pia ule mpangilio wa kuingiza wimbo mmoja ndani ya mwingine, kwa sababu *Loveless* ina viunganishi vifupi katikati ya nyimbo vilivyopangwa kwa makusudi. Na zima uchezaji wa kuendelea wenyewe. Mwisho wa albamu una uzito mkubwa katika kumbukumbu, na programu ikikurushia wimbo wa bendi nyingine sekunde mbili baada ya noti ya mwisho, imekunyang'anya huo mwisho.

Hilohilo linahusu matoleo yenye nyongeza. *American Football* ya 1999 ilikuwa na nyimbo tisa na kuishia kwenye kipande kisicho na maneno, "The One with the Wurlitzer". Toleo la 2014 linaongeza rekodi za majaribio na za jukwaani. Ukiliacha liendelee, albamu yenye dakika arobaini na kitu inageuka jalada la kumbukumbu, na unabaki na hisia kwamba "ni ndefu kuliko nilivyokumbuka". Si kweli. Simama kwenye wimbo wa tisa.

Maisha yaliyoshikamana

Mwaka 1989 Morris Holbrook na Robert Schindler walichapisha utafiti ambapo watu wa rika mbalimbali walisikilizishwa vipande vya nyimbo zilizovuma kati ya 1932 na 1986. Mapenzi yalielekea kilele kwa nyimbo zilizokuwa zikivuma msikilizaji akiwa na umri wa miaka 23 na nusu hivi. Namba hiyo usiifanye sheria. Ila mwelekeo wake kila mwenye orodha ya albamu anaufahamu: zile za ujana zina gundi ambayo za baadaye hazina.

Ukitaka kujua kama unachopenda ni muziki au ni miaka yako ya chuo, tafuta albamu pacha: ya aina ileile, kipindi kilekile, ambayo hukuwahi kuisikia. Kama ya moyoni ni *Loveless*, chukua *Souvlaki* ya Slowdive au *Raise* ya Swervedriver. Kama ni *Spiderland*, chukua *Frigid Stars* ya Codeine. Kama ni *Stratosphere* ya Duster, chukua *WhatFunLifeWas* ya Bedhead. Ipe pacha nafasi ileile: mara tatu, mahali patulivu. Ikikugusa, unaipenda aina hiyo ya muziki. Ikikuacha baridi huku ile ya zamani ikiendelea kukuliza, unachokipenda ni kumbukumbu. Hakuna ubaya, ila usimpendekezee mwingine kwa hoja kwamba ni albamu bora kuliko zote, maana yeye hana chuo chako.

Maneno ya nyimbo huzeeka kwa njia yake. Sehemu kubwa ya roki ya indie iliandikwa na watu wa miaka ishirini na kitu wakilalamikia mapenzi, na msikilizaji wa miaka arobaini hukaa upande mwingine wa meza. *Pinkerton* ya Weezer (1996) ni kipimo kizuri. Wimbo wake "Across the Sea" ulitokana na barua ya shabiki wa kike kutoka Japani. Kijana wa 1996 aliusikia kama ungamo la upweke, na wengi wanaousikia leo wanakunja uso kwa jinsi yule msichana anavyofikiriwa. Gitaa halijabadilika hata nukta. Badiliko la namna hii ni la kweli na halihitaji kutibiwa. Liandike tu kama lilivyo: "muziki juu, maneno chini". Habari mbaya kuhusu mwenendo wa msanii iandike kando pia, tofauti na zote mbili, la sivyo baada ya miaka kumi hutajua kipi kilishusha alama.

Umati

Sasa mkumbo. *Pinkerton* hiyohiyo, ingawa ilitoka kwenye lebo kubwa ya Geffen, ndiyo kisa kinachosimuliwa zaidi katika ulimwengu huu. Ilipotoka, wasomaji wa Rolling Stone waliipigia kura kuwa miongoni mwa albamu mbovu za mwaka. Mwaka 2004 jarida hilohilo likaipa nyota tano. Rivers Cuomo, mwimbaji wa Weezer, mwenyewe aliinanga hadharani mwaka 2001, na kufikia 2010 bendi ilikuwa inazunguka ikiipiga yote jukwaani. Nini kilitokea katikati? Waliokuwa wanaitaka albamu ya kwanza irudiwe waliondoka, na waliobaki walikuwa vijana walioikuta bila kuwa na matarajio hayo, baadhi yao wakaunda bendi zilizoiga ukali na uwazi wake. Walipokuja kuwa wahakiki, walipiga kura.

Slowdive walipitia ukatili zaidi. *Souvlaki* ilipotoka 1993, magazeti ya Uingereza yalikuwa yameshageukia kwingine. Mhakiki wa Melody Maker aliandika kwamba afadhali afe kwa kuzama kwenye bafu lililojaa uji kuliko kuisikiliza tena. Bendi ilirudi 2014 na kukuta mashabiki ambao wengine hawakuwa wamezaliwa wakati ule.

Ukimya nao hukuza jina. *In the Aeroplane Over the Sea* ya Neutral Milk Hotel (Merge, 1998) ilipewa 8.7 kati ya 10 na Pitchfork, tovuti ya hakiki za muziki, ilipotoka, na 10.0 ilipotolewa upya 2005. Katikati hapo kiongozi wa bendi, Jeff Mangum, hakutoa albamu nyingine ya bendi hiyo ya kuiharibia ile sifa. Albamu isiyo na mrithi haishushwi na mrithi.

Kasi ya kupanda mara nyingi huashiria kasi ya kushuka. Black Kids walipewa 8.4 na Pitchfork kwa EP (rekodi fupi kuliko albamu) yao ya 2007, na mwaka uliofuata albamu yao kamili ikapewa 3.3 na tovuti ileile, pamoja na picha ya mbwa wawili na neno la kuomba radhi. Nyimbo kadhaa zilikuwa zilezile.

Mwezi Oktoba 2021 Pitchfork ilirudia alama za albamu 19. *Turn on the Bright Lights* ikashuka kutoka 9.5 hadi 7.0. *Stories from the City, Stories from the Sea* ya PJ Harvey ikapanda kutoka 5.4 hadi 8.4, na *Sky Blue Sky* ya Wilco kutoka 5.2 hadi 8.5. Albamu ya Liz Phair ya 2003 ilitoka 0.0 hadi 6.0, na mwandishi wa hakiki ile ya sifuri alikuwa ameshaomba radhi hadharani mwaka 2019. Kwa maoni yangu sifuri ile haikuwa alama ya muziki hata siku ya kwanza. Ilikuwa adhabu kwa mwanamke aliyetoka kwenye indie kwenda kutafuta redio. Kushuka kwa Interpol nako nakuona ni kisasi cha wahakiki kwa ujana wao wenyewe, na besi ile bado ipo.

Umati wa siku hizi una pia mkono wa algorithimu. "Harness Your Hopes" ya Pavement ulirekodiwa wakati wa *Brighten the Corners*, ukaachwa nje ya albamu, ukatupwa kwenye EP ya 1999. Leo ndio wimbo wao unaochezwa kuliko wote Spotify, na inaaminika ni kwa sababu mfumo uliamua kuusukuma kwa wasikilizaji. Atakayeijua Pavement kupitia mlango huo ataisikia *Wowee Zowee*, albamu ya nyimbo 18 iliyotapakaa kiasi kwamba santuri yake ilikuwa na pande tatu za muziki na wa nne mtupu, kwa masikio tofauti kabisa na aliyeinunua 1995 akitegemea nyimbo za redio.

Je, wewe umefuata mkumbo na *Spiderland*? Jipime hivi: taja, bila kusoma popote, vipande vitatu vya albamu unavyovitafuta, kwa wimbo na mahali ndani ya wimbo. Aliyependa kwa umati husema "ina ushawishi mkubwa" na kutaja bendi zilizofuata. Aliyependa kwa masikio husema pale ngoma zinapokatika, pale gitaa linapoachwa peke yake.

Orodha mpya

Chagua albamu zisizozidi nne kwa awamu. Sikiliza kila moja mara tatu, siku zikitofautiana angalau tatu, kwa kifaa kilekile na sauti ileile. Kisha iache mwezi mzima, halafu mara ya nne. Usisome hakiki yoyote hadi mara ya tatu ipite.

Kila mara, toa alama kwa wimbo na si kwa albamu: 0 kama ungeuruka, 1 kama unauacha uchezwe, 2 kama unautafuta. Zidisha kila alama kwa dakika za wimbo, jumlisha, gawanya kwa dakika zote mara mbili. Albamu ya dakika 40 yenye dakika 18 za alama 2, dakika 12 za alama 1 na dakika 10 za sifuri inapata 48 gawanya kwa 80, yaani asilimia 60. Kuzidisha kwa dakika ni lazima. Bila hivyo kipande cha nusu dakika cha *Bee Thousand* kinapewa uzito sawa na wimbo wa dakika nane wa *Spiderland*. Kosa ambalo hesabu hii inalizuia ni lile la kuipa albamu nzima heshima ya nyimbo zake mbili za mwanzo, na albamu zilizojaza nyimbo kali mbele na kuishiwa baada ya wimbo wa tano ni nyingi kuliko tunavyokiri.

Chini ya alama andika sentensi moja ya sababu, tarehe, na toleo gani ulilisikiliza. Sentensi ndiyo yenye thamani. "58" ya leo haitakuambia kitu baada ya miaka kumi, lakini "mwimbaji ananiudhi, ngoma zinaniokoa" itakuambia.

Matokeo yasome hivi. Alama ikipanda mara tatu na kubaki juu baada ya mwezi, umeipenda. Ikipanda mara tatu kisha ikaanguka baada ya mwezi, ulizoea tu. Ikianza chini na kupanda baada ya mapumziko, na ilikuwa albamu yako ya zamani, ulikuwa umechoka. Ikibaki chini mara zote nne, kwa sauti ya kutosha, kwenye toleo la awali, basi hapo ndipo pa kusema ladha imehama.

Zile nne zako usizifute wala usiuze santuri zake kabla hazijapita mara hizo nne. Na ukiuza, angalia kwanza ni toleo la mwaka gani, maana masta ya santuri uliyonayo inaweza isiwepo kwenye programu yoyote ya muziki.